Siku saba kabla ya Mont-Blanc: unamwandalia mtu wa usiku wa pili

Wiki ya mwisho kabla ya mbio za Ultra-Trail du Mont-Blanc haikuongezei nguvu hata chembe. Zoezi lolote gumu utakalofanya Jumatatu halitawahi kuwa misuli ifikapo Ijumaa jioni. Litabaki kuwa uchovu tu. Lakini wiki hiyohiyo inaweza kukupunguzia mengi: usingizi, ngozi ya unyayo, utulivu wa tumbo, akili ya kupanga. Ndiyo maana tunasema kazi ya siku hizi saba si kujiandaa kukimbia. Kazi ni kumwandalia mambo mtu fulani atakayekuwa porini kati ya vijiji vya Uswisi vya Champex-Lac na Trient usiku wa manane wa Jumamosi, ambaye hajalala kwa zaidi ya saa arobaini, vidole vimekufa ganzi, na kujumlisha 17 na 8 kunamshinda. Mtu huyo ni wewe. Hana uwezo wa kuamua lolote la maana, kwa hiyo kila uamuzi anaouhitaji ufanywe sasa, ukiwa umelala vizuri na umeshiba.

Kwanza tuijue njia. Mbio zinaanzia na kuishia Chamonix, Ufaransa, mji ulio mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, zikiuzunguka mlima Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi. Ni takriban kilomita 170, na ukijumlisha vilima vyote unavyopanda unakaribia mita 10,000. Muda wa mwisho ni saa 46 na nusu. Washindi Kilian Jornet mwaka 2022, kisha Jim Walmsley mwaka 2023, walimaliza chini ya saa 20. Wanaobaki, yaani karibu sote, hukesha usiku mmoja na sehemu ya wa pili, au miwili kamili. Mwishoni mwa Agosti giza huko hudumu kwa takriban saa tisa na nusu kila usiku.

Kwa anayetoka Iten, Arusha, Mbeya au Fort Portal, kuna habari njema mbili. Tofauti ya saa kati ya Afrika Mashariki na Ufaransa wakati wa kiangazi chao ni saa moja tu, kwa hiyo usingizi hauvurugiki. Na mapito ya juu kabisa ya njia, kama Col de la Seigne na Grand Col Ferret, yako kwenye mita 2,500 hivi. Aliyezoea Iten hatahisi kitu kifuani. Yanayowamaliza wakimbiaji wa kwetu kwenye milima hii ni mengine matatu: baridi yenye mvua, miteremko mirefu inayosaga mapaja, na usiku.

Safari yenyewe

Uwanja wa ndege wa karibu ni Geneva, Uswisi, na basi la kwenda Chamonix huchukua muda wa saa moja na kidogo. Fika Jumapili au Jumatatu. Viatu vya mbio, koti la mvua, taa za kichwa na mkoba wa kukimbilia usivitenganishe na mwili wako: vaa viatu, vingine vyote viwe kwenye begi la mkononi. Begi likipotea njiani, soksi na geli (wanga wa kufyonza kwenye vifuko) utazinunua Chamonix. Viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu wako havinunuliki. Fimbo za kupandia ziende kwenye begi la chini ya ndege, kwa sababu wakaguzi hawaziruhusu ndani. Betri za akiba na powabenki ni kinyume chake: sheria za usafiri wa anga zinataka ziwe ndani na abiria.

Laini ya simu inawaponza wengi. Simu inayofanya kazi katika nchi zote tatu ni kifaa cha lazima, nayo haitakiwi kuzimwa wala kuwekwa kwenye hali ya ndegeni. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo laini au kifurushi cha intaneti kilichonunuliwa Ufaransa kinaweza kukata pindi uvukapo Grand Col Ferret. Soma masharti yake kabla ya kulipa. Hifadhi namba ya dharura ya waandaaji, na ujue kwamba 112 inapokelewa katika nchi zote tatu. Bima nayo iseme wazi kuwa inalipia uokoaji wa helikopta: Ufaransa waokoaji wa milimani kwa kawaida hawakutozi, ila Uswisi bili inakuja, na si ndogo.

Jambo moja hatutalipita haraka. Ukipata homa wiki hiyo, usijiambie ni uchovu wa ndege. Nenda ukapimwe malaria, na mwambie daktari bila kuulizwa kwamba umetoka Afrika Mashariki na tarehe uliyoondoka, kwa sababu daktari wa Ulaya hafikirii malaria kwanza. Mwenye homa hakimbii. Mafua ya puani tu unaweza kusubiri uone. Yakishuka kifuani, au mwili ukiuma wote, mbio zimeisha kabla hazijaanza. Inauma, lakini misuli ya moyo iliyoshambuliwa na virusi haina mzaha.

Miguu

Kukimbia kwa wiki hiyo kunatosha mara tatu, dakika 30 hadi 40 kila mara, polepole, kwenye njia tambarare za bonde, na mbio fupi nne au tano za sekunde 20 ili miguu isilale. Mteremko mkali wa mwisho uwe umeshaufanya siku kumi au zaidi kabla. Kushuka kunararua nyuzi za misuli ya mapaja kwa namna ambayo kupanda hakufanyi, na maumivu yake hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mtu anayepanda hadi La Flégère Jumatano “kuangalia njia tu”, kisha akashuka kwa miguu, anaanza Ijumaa akiwa na mapaja ya mtu aliyekwisha kimbia kilomita 40. Ukitaka kuiona njia, panda kwa miguu na ushuke kwa gari la kamba. Na lile linalokwenda Aiguille du Midi, mita 3,842, liache hadi Jumatatu ya baada ya mbio. Mji umejaa mabanda ya maonyesho na watu wa kupiga nao soga. Saa nne za kusimama juani ni kazi, hata kama saa ya mkononi haiihesabu.

Kucha zikatwe Jumatatu au Jumanne, si Alhamisi usiku. Kata moja kwa moja bila kuchimba pembe, kisha sugua ukingo kwa tupa ya kucha mpaka ukipitisha soksi ya nailoni isinase. Ukikata usiku wa mwisho na ukaingia nyamani, hakuna muda wa kupona. Sugu ya kisigino ipunguze kwa jiwe la kusugulia kidogokidogo kila jioni, usiimalize: sugu laini inalinda, sugu nene iliyopasuka inatengeneza lengelenge chini yake, mahali ambapo sindano haifiki. Mafuta mazito au vaselini yapakwe Ijumaa kwenye vidole, visigino, mapajani, kwapani, kwenye chuchu na katikati ya makalio. Kama unatumia plasta, ibandike kwenye ngozi kavu kabla ya mafuta, kona zake zikatwe mviringo ili zisibanduke.

Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana mguu huvimba, na viwe vimekimbiwa kilomita 50 hadi 100: si vipya, si vilivyolika meno. Jozi ya pili, kubwa kwa nusu saizi, iende kwenye mfuko wa Courmayeur, yaani ule unaowakabidhi waandaaji ukaukute katikati ya njia, ambao tutaufikia.

Mkoba

Orodha ya vifaa vya lazima husomwa na wengi kama orodha ya kodi, jambo la kutimiza ili wakuache upite. Huo ndio mwanzo wa matatizo. Kila kitu kilichomo kina usiku wake uliokileta. Mwaka 2010 mbio zilisimamishwa kwa sababu ya dhoruba saa chache baada ya kuanza. Mwaka 2012 zilifupishwa hadi kilomita 100 hivi, zikabaki upande wa Ufaransa. Hesabu ni hii: joto hushuka kwa karibu nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda. Chamonix ikiwa na nyuzi 12 usiku, Grand Col Ferret ina 2 au 3, kabla hujaongeza upepo na jasho lililolowesha fulana. Mkimbiaji mwembamba, ambaye mafuta ya mwili hana, hupoa kwa dakika chache tu akisimama.

Kwa hiyo koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, linalohimili shinikizo la maji la milimita 10,000, lisiaminiwe kwa lebo yake. Livae, simama chini ya bomba la kuogea dakika kumi. Maji yakiingia mabegani, kitambaa kimechoka. Likipita, livae tena juu ya nguo zote za joto: koti linalobana linaminya hewa inayohifadhi joto na halikusaidii. Suruali ya mvua ijaribu kuivaa ukiwa na viatu mguuni, maana huko juu hutavua viatu. Glovu ziwe za kuzuia maji kweli. Vidole vikipoa huwezi kufungua geli, huwezi kufunga zipu, huwezi kuwasha taa ya pili. Tatizo la vidole linakuwa tatizo la kila kitu.

Mengine yapo kwenye sheria za mwaka husika, na usomwe waraka wenyewe, si kumbukumbu za rafiki: kikombe chako, akiba ya maji angalau lita moja, taa mbili zenye betri za akiba, blanketi la dharura la mita 1.40 kwa 2, filimbi, bandeji ya kunyumbuka, akiba ya chakula, nguo ya pili ya joto, kofia, suruali ndefu, kitambulisho. Kwa msafiri wa kwetu kitambulisho ni pasipoti, nayo ifungwe kwenye mfuko wa plastiki mara mbili. Pasipoti iliyolowa ni balaa la kurudi nyumbani. Siku chache kabla waandaaji huweza kutangaza vifaa vya nyongeza kwa ajili ya baridi kali au joto kali. Ukikosa kifaa njiani kuna adhabu ya muda au kuondolewa.

Taa ijaribiwe kwa saa, si kwa macho. Ijaze chaji Jumatatu, iwashe kwa mwanga utakaoutumia, iache mpaka izime, andika muda. Toa theluthi moja kwa ajili ya baridi, ambayo hudhoofisha betri za lithiamu. Hapo ndipo utajua ubebe betri ngapi. Na kwenye ukungu, taa ya kichwani hukupofusha kwa kuakisi mwanga machoni. Ishike mkononi usawa wa kiuno, ardhi itaonekana. Mfunze mtu wa usiku wa pili jambo hilo mapema, maana peke yake hataligundua.

Upangaji wa mkoba ufuate haraka ya uhitaji. Chini kabisa: bandeji, blanketi, suruali ya mvua. Katikati: nguo ya joto, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Juu: koti la mvua. Mifuko ya kifuani: chakula cha saa mbili zijazo, glovu, simu. Kisha fanya jaribio tunalolipenda kuliko yote: zima taa chumbani, vaa mkoba, toa glovu, koti na taa ya pili kwa kupapasa. Ukishindwa chumbani, mlimani hutaweza. Ukishafaulu, usihamishe kitu tena.

Fimbo: ukianza nazo lazima umalize nazo, haziruhusiwi kuachwa kwenye mfuko wa Courmayeur wala kuchukuliwa huko. Amua kabla.

Tumbo

Hapa ndipo mbio nyingi hufia, na hufia kuanzia Jumatano. Lengo la siku mbili za mwisho ni wanga gramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 480 hadi 600 kwa siku. Kwa sahani za nyumbani: uji wa unga gramu 100 wenye sukari vijiko vitatu vikubwa, pamoja na slesi mbili za mkate na jamu, ni kama gramu 160. Wali uliopikwa nusu kilo ni 140. Ugali wa unga gramu 150 ni 115. Ndizi mbivu mbili na soda ya nusu lita zinaongeza 100. Jumla 515, bila kulazimisha tumbo. Unga wa sembe huna haja ya kuubeba: maduka ya Chamonix yanauza polenta, ambayo ni mahindi ya njano yaliyosagwa chengachenga. Ile ya kawaida ipike dakika 30 hadi 40 kwa moto mdogo, ukisonga. Ile iliyotangulizwa kupikwa huiva haraka ila husongeka vibaya.

Maharage, kabichi, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa ziache kuanzia Jumatano. Ni chakula bora siku nyingine zote, lakini makapi yake hubaki utumboni na kujaza gesi, na mitetemo ya kushuka huyageuza kuwa kuhara. Chakula cha Savoie, eneo hilo la Ufaransa, kama tartiflette, yaani viazi, krimu, jibini na nyama ya nguruwe, kisubiri hadi Jumapili usiku kwa wanaokila. Mizani ikionyesha kilo moja au mbili zaidi Alhamisi, usiogope: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa mwilini hushika takriban gramu 3 za maji. Hayo ni mafuta ya taa kwenye jiko lako.

Kwa mbio zenyewe panga wanga gramu 60 kwa saa, hadi 90 kama tumbo limezoeshwa mazoezini, na maji nusu lita kwa saa hivi, zaidi juani. Vituo vina supu yenye tambi, mkate, jibini, ndizi, machungwa na kola. Ila usitegemee kituo kwa hamu ya kula. Baada ya saa 20 hamu haipo. Gawanya chakula katika vifuko vidogo, kimoja kwa kila kipande cha njia, ukiandika juu yake kwa wino usiofutika: “Contamines–Chapieux, maliza vyote”. Weka tamu na chumvi pamoja. Anayebeba geli tupu za ladha moja atazichukia kabla ya Courmayeur. Kunywa kupita kiasi ni hatari kama kukaukiwa: vidole vikivimba, kichwa kikiuma, tumbo likicheza maji, punguza maji na ule chumvi. Na dawa za maumivu aina ya ibuprofeni na diklofenaki zibaki hotelini. Figo zinazofanya kazi katika mwili uliokaukiwa na misuli inayovunjika hazistahili mzigo huo.

Mfuko wa Courmayeur

Courmayeur iko kwenye kilomita ya 80, Italia, baada ya mteremko mkali wa vumbi kutoka Checrouit. Ni ukumbi wenye joto, viti, chakula, na mabasi ya kurudi Chamonix. Wengi huacha hapo, na si kwa sababu ya majeraha. Wameketi, wakatazama pande zote, wakakosa la kufanya. Dawa yake ni kadi. Juu ya kila kitu mfukoni weka karatasi ngumu yenye maagizo: 1. Unganisha saa na simu kwenye powabenki. 2. Vua soksi, futa miguu, tazama malengelenge. 3. Mafuta, soksi kavu, viatu vya pili. 4. Fulana kavu. 5. Betri mpya kwenye taa zote mbili. 6. Vifuko vya chakula hadi Champex. 7. Supu. 8. Toka. Dakika 25 zinatosha. Sentensi ya mwisho kwenye kadi iandikwe na wewe wa Alhamisi, mwenye akili timamu, ikieleza ni mambo gani pekee yanaruhusu kuacha: kutapika kusikokoma, maumivu yanayobadilisha mwendo, kutetemeka kusikoisha, kuchanganyikiwa. Uchovu na huzuni havimo kwenye orodha.

Kama una msaidizi, ni mmoja, na anaruhusiwa kukuhudumia kwenye vituo vilivyotajwa tu, vikiwemo Les Contamines, Courmayeur, Champex-Lac, Trient na Vallorcine. Mpe nakala ya kadi. Asikuulize “unajisikiaje?” Akuulize “umekula nini tangu kituo kilichopita?”

Usingizi

Lala mapema kuanzia Jumapili, kwa muda wa saa nane hadi tisa kila usiku, na nusu saa mchana. Usiku wa Alhamisi usingizi huweza kugoma kwa mchecheto. Haidhuru, kwa sababu akiba iliwekwa Jumanne na Jumatano. Kahawa usiiguse baada ya adhuhuri, na siku ya mbio itunze: kafeini ya kikombe kimoja, yaani miligramu 80 hadi 100, ina thamani mara nyingi zaidi saa nane ya usiku wa pili kuliko kwenye mstari wa kuanzia. Andika kwenye kadi pia kwamba mawe yatafanana na wanyama, na kwamba hiyo ni ishara ya kulala dakika 15 kituoni, kengele ikiwa imewekwa.

Ijumaa

Kula mlo mkubwa saa tano au saa sita mchana, wali mweupe na kuku kidogo, kisha kitu chepesi saa tisa. Kabidhi mfuko wa Courmayeur kabla ya muda kufungwa. Rudi chumbani, funga pazia, lala chali miguu ikiwa juu ya mto. Usingizi ukija vizuri, usipokuja mwili unapumzika hata hivyo. Nenda msalani mara ya mwisho hapohapo ulipofikia, maana foleni za uwanjani ni ndefu. Ingia Place du Triangle de l'Amitié, uwanja wa kuanzia mbio, umevaa nguo ya kutupia ya kuzuia ubaridi, na keti chini kama kuna nafasi.

Kisha watu zaidi ya 2,000 wataondoka kwa mkupuo. Kilomita nane za kwanza hadi Les Houches ni karibu tambarare, umati unashangilia, na kila mtu anakimbia kasi ambayo hakuipanga. Waache wapite. Pumua kwa namna ambayo ungeweza kusimulia jambo refu bila kukatika, na dakika ya ishirini, hata kama huna kiu, kunywa mafunda mawili ya maji.